Umeshalipa, Lakini Ufunguo Wanao Wao

Tarehe 28 Februari 2025, saa tano usiku kwa saa za Afrika Mashariki, kifaa kilichotangazwa kwamba kitaizika simu kilizikwa chenyewe. Kiliitwa Ai Pin. Kilitengenezwa na kampuni ya Humane ya Marekani, iliyoanzishwa na Imran Chaudhri na mkewe Bethany Bongiorno, wote wawili wakiwa wametoka Apple. Ulikibandika kwenye nguo kifuani kwa sumaku. Ukikisemesha, kinakujibu. Ukikinga kiganja, kinakuandikia maneno kwenye ngozi kwa mwanga wa leza. Bei yake ilikuwa dola 699, na juu yake ada ya dola 24 kila mwezi. Wawekezaji walikuwa wamemimina humo zaidi ya dola milioni 230.

Kiliwafikia wanunuzi Aprili 2024, na ndani ya siku chache kikawa kichekesho cha mwaka. Kilipata moto, kilikawia kujibu, na mara nyingine kilijibu uongo kwa sauti ya kujiamini. Marques Brownlee, mhakiki wa vifaa mwenye mamilioni ya watazamaji YouTube, alisema hajawahi kuhakiki bidhaa mbaya kuliko hiyo. Mwaka haukutimia kabla HP hawajanunua programu, hataza na wafanyakazi wa Humane kwa dola milioni 116. Vifaa vyenyewe hawakuvitaka. Wanunuzi wakapewa siku kumi: baada ya hapo seva zinazimwa, kifaa hakitapiga simu wala kujibu swali, na kumbukumbu zote zitafutwa. Aliyerudishiwa fedha ni yule tu ambaye bado alikuwa ndani ya siku 90 za kurudisha bidhaa tangu iliposafirishwa. Katika maelezo yake kwa wateja, kampuni iliwahakikishia kwamba shughuli zisizohitaji intaneti zitaendelea, ikataja mfano: kuonyesha kiwango cha chaji. Dola 699, ili ujue kifaa kisichofanya kitu kimebakiza chaji kiasi gani!

Tulicheka, na kilistahili kuchekwa. Ila kicheko chetu kiliishia kwenye ubovu wa kifaa, na ubovu haukuwa jambo kubwa kuliko yote katika habari ile. Kampuni changa hufa kila siku, na bila watu wa kuthubutu mambo ya ajabu, hata simu ya mkononi tusingekuwa nayo. Ninachokikataa ni namna kifaa kile kilivyokufa. Siku ile saa tano usiku kamera yake ilikuwa nzima, spika nzima, betri nzima, leza nzima. Kilichokatika ni ruhusa. Tangu siku ya kwanza kilikuwa kikipiga hodi kwenye seva ya Marekani kuuliza kama kinaweza kufanya kazi, na siku hiyo hakikufunguliwa.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame, na nitasema bila kumung'unya maneno: kifaa ulicholipia bei yote, kisha kikawa kinahitaji ruhusa ya kampuni kila siku ili kifanye kazi, hujauziwa. Umekodishwa kwa bei ya kununulia, tena kwa mkataba ambao upande mmoja tu una uwezo wa kuuvunja. Mtu akikuuzia nyumba, akapokea fedha yote, kisha akabaki na ufunguo pekee na kukwambia umpigie kila unapotaka kuingia, utakwenda polisi. Akifanya hivyo mtengenezaji wa vifaa, tunaambiwa hayo ndiyo maendeleo.

Ukoo wa vifaa vya namna hii ni mkubwa, na ndugu yao maarufu kuliko wote ni Juicero. Hii ilikuwa mashine ya kukamua juisi iliyoingia sokoni Marekani mwaka 2016 kwa dola 699, kisha ikashushwa hadi 399 mapema mwaka 2017. Matunda huyaweki wewe. Unanunua pakiti ya kampuni iliyojazwa matunda na mboga zilizokatwakatwa, dola tano hadi nane kwa pakiti moja. Mashine inasoma alama iliyochapwa kwenye pakiti, inauliza kupitia intaneti, na ikiambiwa pakiti imepitwa na tarehe, inagoma kukamua. Wawekezaji waliitia takriban dola milioni 120. Aprili 2017 waandishi wa Bloomberg walichukua pakiti, wakaiminya kwa mikono mitupu, na juisi ikatoka karibu sawasawa na ya mashine. Kufika Septemba kampuni ilikuwa imefunga.

Yeyote aliyewahi kukamua ndimu anajua kwamba kazi ile haihitaji intaneti. Basi kwa nini iliwekwa? Jibu lipo kwenye hesabu za wawekezaji. Kampuni inayouza birika leo lazima kesho itafute mteja mwingine. Kampuni yenye mteja anayelipa kila mwezi inaweza kuhesabu mapato ya mwaka ujao kabla mwaka haujaanza, na kwa sababu hiyo wawekezaji huithamini zaidi. Mapato ya kila mwezi hayaji yenyewe. Ni lazima kuwe na kitu cha kumzuilia mteja akiacha kulipa, na kitu hicho ni kufuli la kidijitali. Kwa hiyo mhandisi mwenye akili nyingi, aliyesoma miaka mingi, hupewa kazi ya kutafuta mahali pa kuweka kufuli ndani ya kitu ambacho tangu enzi za babu zetu hakikuwa na kufuli. Intaneti ya Juicero ilikuwa inalinda biashara ya pakiti. Juisi yenyewe haikuihitaji hata kidogo.

Mtu anaweza kusema hizo ni anasa za matajiri wa California, sisi zinatuhusu nini? Twende basi kwenye vitabu. Julai 2009 watu waliokuwa wamenunua nakala za kidijitali za vitabu viwili vya George Orwell kwa ajili ya Kindle, kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu, walikuta vitabu vimetoweka kwenye vifaa vyao. Amazon ilikuwa imegundua kwamba aliyeviweka dukani hakuwa na haki ya kuviuza, ikavifuta kutoka mbali na kuwarudishia wateja fedha. Kimoja kilikuwa 1984, riwaya ya dola inayofuta maandishi ya jana ili yalingane na matakwa ya leo. Cha pili kilikuwa Animal Farm, ambacho wasomaji wa Kiswahili wanakijua kama Shamba la Wanyama katika tafsiri ya Fortunatus Kawegere. Jeff Bezos aliomba radhi hadharani na kukiri kwamba kampuni yake ilifanya upumbavu. Ombi lile la radhi lilikuwa la kweli. Uwezo wa kufuta ulibaki palepale.

Muuza vitabu aliyekuuzia nakala ya wizi bila kujua hawezi kuingia chumbani kwako usiku, akaichukua na kukuachia noti mezani. Angefanya hivyo angeshtakiwa kwa kuvunja nyumba, hata kama kiasi alichoacha ni kamili. Kwenye Kindle waliingia bila hodi, na mwanafunzi mmoja wa Marekani akakuta maelezo aliyokuwa ameyaandika kwa ajili ya masomo yake hayana kazi tena, kwa kuwa kitabu kimeondoka. Alifungua kesi, na Amazon ikamalizana naye nje ya mahakama.

Kwenye michezo ya kompyuta hali ni hiyohiyo, na vijana wameumia zaidi kwa sababu wao ndio wamezaliwa ndani ya maduka haya. Kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa ilitoa mchezo wa magari uitwao The Crew mwaka 2014. Watu waliununua kwa bei kamili. Tarehe 31 Machi 2024 seva zikazimwa, na mchezo ukawa haufunguki hata kwa anayetaka kuendesha gari lake peke yake bila kushindana na mtu. Mpenzi mmoja wa michezo, Ross Scott, alianzisha kampeni iitwayo Stop Killing Games. Ombi la wananchi lililopelekwa Umoja wa Ulaya kutokana na kampeni hiyo lilivuka sahihi milioni moja mwaka 2025. Wazee wanaodhani michezo ya kompyuta ni upuuzi wa watoto wayatazame madai ya vijana hao kwa makini: wanataka kampuni inapoamua kuachana na bidhaa, iiache ikiwa bado inafanya kazi. Hawadai huduma ya milele. Ni dai la mtu mzima anayejua thamani ya fedha yake.

Kisa kinachoonyesha hatari hii waziwazi kuliko vyote kimetokea kwenye reli ya Poland, na ninakisimulia kirefu kwa sababu kinastahili. Mwaka 2022 karakana moja iitwayo SPS ilikuwa imeshinda zabuni ya kufanyia ukarabati mkubwa treni za umeme aina ya Impuls, zinazotengenezwa na kampuni ya Newag. Newag nao walikuwa wameiomba kazi hiyo wakaikosa kwa bei. Mafundi wa SPS walifungua treni ya kwanza, wakafanya kila kilichoandikwa kwenye kitabu cha mtengenezaji, wakaifunga. Kompyuta ya treni ikaonyesha kwamba kila kitu kiko tayari. Dereva akiigusa, haiendi. Umeme haufiki kwenye mota. Hakuna kosa linaloonyeshwa, hakuna waya uliokatika. Ikaja ya pili, ikawa vilevile. Treni zikawa zinapungua kwenye njia, abiria wanalalamika, na lawama zote zinawaangukia SPS: hawa kazi hawaiwezi.

Walipokwama kabisa, wakaingia Google kutafuta wadukuzi wa Poland. Wakawapata Dragon Sector, kundi la vijana mashuhuri kwenye mashindano ya udukuzi duniani. Watatu kati yao walikaa miezi wakisoma programu ya kompyuta inayoendesha treni, msimbo ambao hakuna aliyewapa maelezo yake. Walichoripoti kukikuta kiliwashangaza hata wao. Ndani ya programu mlikuwa na masharti: treni ikisimama muda mrefu mahali pamoja, ifungwe. Kwenye baadhi ya treni walikuta nukta za ramani za karakana kadhaa, na ya SPS ikiwamo. Treni ikikaa huko, ijifunge. Wakakuta pia mpangilio wa siri wa vitufe kwenye chumba cha dereva, ambao ukibonyezwa kwa utaratibu wake, treni inafunguka na kuondoka kana kwamba haikuwahi kuumwa.

Newag walikana. Walisema programu yao ni safi, wakawashutumu wadukuzi, na baadaye wakawapeleka mahakamani. Vijana hawakurudi nyuma: Desemba 2023 walisimama mbele ya mkutano mkubwa wa wadukuzi mjini Hamburg, wakaonyesha walichokipata hatua kwa hatua.

Kisa hiki kinanigusa kwa sababu ya wale mafundi wa karakana. Watu waliofanya kazi yao kwa usahihi, spana kwa spana, wakaaminishwa na kompyuta kwamba hawajui kazi. Fundi akikosea, atajifunza. Fundi akifanya sawa na mashine ikakataa kimyakimya, unamvunja moyo na kumharibia jina, na mteja wake anarudi kwa mtengenezaji akiamini kwamba hakuna mwingine anayeweza. Tanzania imeanza kubeba abiria kwa treni za umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma tangu 2024, na ni jambo la kujivunia. Nchi inayonunua mitambo ya kiwango hicho, iwe treni, mashine za hospitali au mitambo ya kufua umeme, inapaswa kuuliza kabla ya kusaini: siku mkataba wa matengenezo ukienda kwa karakana nyingine, au kwa mafundi wetu wenyewe, ni nani atakuwa na ufunguo wa programu?

Na tusijidanganye kwamba mafundi wetu bado hawajakutana na makufuli haya. Ingia kwenye duka lolote la stesheni mtaani, kule wanakochapa barua na kutoa kopi. Muuzaji anajua kuijaza katriji wino kwa bomba la sindano, taratibu, bila kumwaga. Ni ujuzi halali unaomfanya mwanafunzi achapishiwe kazi yake kwa bei anayoimudu. Watengenezaji wa printa wameweka chipu kwenye katriji, na mnamo Septemba 2016 printa za HP duniani kote zilionekana zikizikataa siku moja katriji za kampuni nyingine ambazo jana yake zilikuwa zikifanya kazi vizuri. Kwenye huduma yao ya wino wa kulipia kila mwezi, ukisitisha malipo, katriji inakoma kuchapa hata kama ndani umebaki wino. Wino upo, unauona, umo ndani ya nyumba yako, na hauruhusiwi kutoka.

Njoo kwenye magari yaliyotumika kutoka Japan, ambayo ndiyo yanayotupeleka kazini na harusini. Betri ikichomolewa, radio za baadhi ya magari hayo hujifunga na kuonyesha maandishi ya Kijapani, zikidai namba ya siri au kadi ya ramani ambayo ilibaki huko ilikotoka. Kufuli hilo liliwekwa kwa nia njema, kumkatisha tamaa mwizi wa radio. Kwa mwenye gari wa Tokyo, ufunguo uko kwa wakala aliye jirani naye. Kwa mwenye gari wa Mbagala, Dar es Salaam, au Umoja, Nairobi, ufunguo uko ng'ambo ya bahari. Ndiyo maana kuna vijana mjini wanaoishi kwa kufungua radio hizo. Mteja anafika amekasirika, "Fundi, jana ilikuwa inaimba!" Fundi anatazama skrini, anaandika namba iliyotokea, anamwambia, "Acha hapa bosi, pitia jioni." Jioni inaimba. Huyo ni mtaalamu, na ningependa aheshimiwe hivyo.

BMW walikwenda mbali zaidi. Mwaka 2022 ilijulikana kwamba katika baadhi ya nchi, Korea Kusini ikiwamo, walikuwa wakitoza ada ya kila mwezi, kama dola 18, ili kuwasha joto la viti. Waya na vipasha joto vilikuwa vimeshafungwa kiwandani na gari limeshalipiwa. Watu walikasirika, na 2023 kampuni ikaachana na mpango huo kwa viti. Ukali wa wateja ulifanya kazi, na hilo tulikumbuke.

Lazima niwe wa haki hapa. Siyo kila kufuli ni dhuluma. King'amuzi kikikata picha kifurushi kinapoisha, hakuna aliyedanganywa, maana ulinunua mwezi na mwezi umekwisha. Julai 2020 Safaricom kwa kushirikiana na Google walianzisha Kenya mpango wa Lipa Mdogo Mdogo: ulitoa kianzio, ukachukua simu ya 4G, kisha ukalipa shilingi 20 kwa siku. Usipolipa, simu ilifungwa kutoka mbali. Mipango kama hiyo sasa imeenea, na simu za mkopo zimewafikia bodaboda na mama lishe ambao wasingeweza kutoa bei nzima kwa mkupuo.

Wapo wanaouona mpango huo kuwa wa kikatili, na upande wa ada na riba zake una mengi ya kuhojiwa. Lakini hebu tuuweke pembeni ya Ai Pin. Mkopaji wa Kenya anaambiwa waziwazi kwamba simu bado si yake, anajua siku ya mwisho, na akilipa shilingi ya mwisho kufuli linatoka. Mnunuzi wa Ai Pin alilipa dola 699 siku ya kwanza, na siku ya mwisho ya kufuli lake haikuandikwa popote, kwa sababu haikuwapo. Kati ya mikataba hiyo miwili, ule wa mtu anayeitwa maskini ndio unaojua kumiliki ni nini. Basi kipimo changu ni hiki: kufuli lenye tarehe ya kutoka ni dhamana, na kufuli lisilo na tarehe ni umiliki uliobaki kwa muuzaji.

Kampuni nazo zina hoja zao, na mbili kati yake ni za kweli. Ya kwanza, seva zinakula fedha: umeme, wataalamu, ulinzi dhidi ya wahalifu. Hakuna anayeweza kuziendesha milele kwa ajili ya kifaa kilichouzwa mara moja. Ya pili, kufuli la mbali huzuia wizi. Mwaka 2022 wanajeshi wa Urusi walichukua mashine za kilimo za John Deere kutoka kwa wakala mjini Melitopol, Ukraine, zenye thamani ya karibu dola milioni tano, na baadhi zikasafirishwa hadi Chechnya. Zilipofika zilikuwa zimefungwa kutoka mbali, hazivuni hata suke. Wengi tulishangilia.

Mimi nilishangilia pia, na bado nasema shangwe ile itufungue macho. Uwezo uliomnyima mporaji trekta ndio uleule ambao wakulima wa Marekani wamelalamikia kwa miaka. Mkulima anabadilisha kipuri mwenyewe, sawasawa kabisa, na mashine haikitambui mpaka aje wakala na programu yake, wakati mvua haimsubiri mtu. Januari 2025 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliishtaki John Deere kwa jambo hilohilo. Dawa ipo: ufunguo wa kuzuia wizi ukae mikononi mwa mwenye mali, kama ilivyo namba ya siri ya simu yako. Akiibiwa, atafunga yeye.

Na kuhusu seva zinazokula fedha, jibu limeshatolewa kwa vitendo. Saa janja za Pebble zilichangiwa zaidi ya dola milioni 10 na wapenzi wake mwaka 2012, zikapendwa kwa sababu betri yake ilidumu siku kadhaa na kioo kilisomeka juani. Desemba 2016 kampuni ilifunga, na mali yake ikaenda kwa kampuni ya Fitbit. Kabla seva hazijazimwa mwaka 2018, programu ya simu ilirekebishwa ili saa iendelee kufanya kazi bila seva za kampuni. Wapenzi wa saa hizo wakaunda kundi waliloliita Rebble, wakajenga seva zao wenyewe na kuzichangia gharama. Januari 2025 Google, ambao walikuwa wameinunua Fitbit, wakauweka hadharani msimbo wa mfumo wa Pebble, na mwanzilishi wake Eric Migicovsky akarudi kutengeneza saa mpya. Kampuni ilikufa na saa zikaendelea kuhesabu, kwa sababu kuna watu waliachia ufunguo, na kulikuwa na watu wa kuupokea.

Hiyo ndiyo sura ya utamaduni wa wapenda teknolojia ninayoipenda kwa moyo wote. Vijana watatu wa Poland wanaosoma msimbo wa treni usiku kucha, wafuasi wa Rebble wanaochangishana kwa ajili ya saa ya zamani, mafundi wa Kariakoo, Dar es Salaam, na wa Luthuli Avenue, Nairobi, wanaofungua simu iliyotangazwa kuwa imekufa na kuirudisha kwa mwenyewe ikiwa inaongea. Hawa wote wanaamini jambo moja: kitu kilichotengenezwa na binadamu kinaweza kueleweka na binadamu mwingine. Wakati wa Uviko, Mei 2020, tovuti ya iFixit ilikusanya na kuweka hadharani miongozo ya kutengeneza mashine za hospitali, kwa sababu mafundi wa hospitali walikuwa wanaitafuta kwa shida huku wagonjwa wakisubiri. Hapo haki ya kutengeneza iliacha kuwa mjadala wa simu na saa.

Wenzetu wameanza kuandika sheria. Jimbo la Colorado lilipitisha mwaka 2023 sheria ya kuwapa wakulima haki ya kutengeneza mashine zao. California, tangu Januari 2025, inataka maduka ya kidijitali yamwambie mteja waziwazi kama anachopewa ni leseni tu inayoweza kuondolewa. Umoja wa Ulaya ulipitisha 2024 agizo la haki ya matengenezo, ambalo nchi wanachama wanatakiwa kulitekeleza kuanzia Julai 2026, na kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vingi zinatakiwa ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe. Vifaa vitakavyotengenezwa kwa masharti hayo vitafika na huku. Lakini sheria ya Ulaya haimlindi mteja wa Mwanza, na kampuni inaweza kabisa kuuza huku toleo lenye makufuli ambalo imekatazwa kuliuza kule.

Kwa hiyo tuanze na kilicho mikononi mwetu. Kabla ya kununua kifaa chochote chenye akaunti na intaneti, muulize muuzaji maswali matatu: bila intaneti kinafanya nini? Kampuni ikifungwa, kitaendelea? Kikiharibika, fundi wa mtaani anaruhusiwa kukigusa? Asipokuwa na majibu, punguza bei kichwani mwako mpaka ifike bei ya kukodi, kisha uamue. Serikali na hospitali ziweke maswali hayohayo kwenye nyaraka za zabuni, ziyadai kwa maandishi. Na Tume ya Ushindani ya Tanzania pamoja na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya zianzie pale wananchi wengi walipo, kwenye simu za mkopo: ziamuru kwamba siku malipo ya mwisho yanapoingia, kufuli litoke siku hiyohiyo, mteja apewe uthibitisho, na kampuni isibaki na njia yoyote ya kulirudisha. Tukishaliandika hilo kwa simu ya shilingi 20 kwa siku, tutakuwa na msingi wa kisheria wa kuidai haki ileile kwa printa, gari, trekta na treni.